Kukariri, vihesabio, vidole au mchezo wa njia: mtoto aanze na kipi kujifunza idadi?

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukutajia moja hadi kumi pasipo kuteleza, ukampigia makofi, kisha ukimwambia "nipe vizibo vitatu" akachota gao zima na kukukabidhi. Hajasahau kitu. Alichonacho ni mfuatano wa maneno. Asichokuwa nacho bado ni kwamba kila neno katika mfuatano huo lina kiasi chake, na kwamba neno la mwisho alilotamka ndilo jibu la swali "vingapi?"

Hapo ndipo njia za kufundisha zinapoachana. Kuna zinazokuza mfuatano, kuna zinazokuza kiasi, na ni chache zinazofunga vyote viwili pamoja. Wengi huchagua kwa kuangalia zana ipi inavutia au mtoto wa jirani anatumia nini. Mimi naona swali la kwanza ni mtoto mwenyewe amefika wapi, kwa sababu njia inayomfaa leo inaweza kumpotezea muda baada ya miezi sita.

Mpime kwanza

Weka vitu kumi hivi vya aina moja mbele yake. Mwombe kimoja, virudishe vyote, mwombe viwili, kisha vitatu, vinne, vitano. Usimsaidie, na usimwambie "hesabu". Karen Wynn, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia zoezi la aina hii katika utafiti wake wa mwaka 1990, na picha aliyoipata imerudi mara nyingi tangu hapo: watoto hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Kuna kipindi mtoto anatoa kimoja sawasawa, lakini ukiomba viwili au vitano anachota tu. Miezi inapita, viwili vinakaa sawa. Inapita mingine, vitatu. Halafu, kwa wengi mahali fulani kati ya miaka mitatu na nusu na minne na ushee, jambo linafunguka: anagundua kwamba kuhesabu ndiko kunakompa idadi, na kuanzia hapo anatoa vitano, vinane, hata kumi, mpaka pale mfuatano wake wa maneno unapokatika.

Kwa hiyo una mtoto wa aina mojawapo kati ya tatu: ambaye hajafika vitatu, ambaye anatoa vitatu au vinne lakini vitano vinamshinda, na ambaye anahesabu na kutoa chochote unachoomba hadi kumi. Nitawarudia hawa watatu huko chini. Umri wake wa kuzaliwa hauna uzito mkubwa hapa. Nimekutana na watoto wa miaka minne katika ngazi zote tatu.

Kukariri kwa wimbo

Kukariri kunasemwa vibaya siku hizi, na si haki. Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walioandika mwaka 1978 kuhusu kanuni ambazo kuhesabu kunazitegemea, waliweka mpangilio thabiti wa maneno miongoni mwake: anayesema "moja, tatu, mbili" leo na "moja, mbili, tano" kesho hawezi kuhesabu chochote. Wimbo unampa mpangilio huo kwa urahisi kuliko njia nyingine yoyote. Haumpi kanuni nyingine mbili ambazo ni nzito zaidi, yaani kila kitu kipate neno moja tu, na neno la mwisho liwe idadi ya vyote.

Kwenye Kiswahili kuna unafuu na kuna kigingi. Unafuu ni kumi na moja mpaka kumi na tisa: jengo liko wazi, kumi na kitu juu yake, na mtoto akishaliona anajiendeleza mwenyewe. Kiingereza hakina wepesi huo, maneno yake ya 11 na 12 hayaonyeshi kumi ndani yake hata kidogo. Kigingi chetu ni makumi. Ishirini haidokezi mbili wala thelathini haidokezi tatu, kwa hiyo hayo hayana budi kukaririwa, na wimbo unafaa hapo kuliko maelezo yoyote.

Kuna jingine ambalo wimbo hauligusi. Unasema moja, mbili, tatu, lakini mazungumzo ya kila siku yanasema vijiti viwili, watoto wawili, mawe mawili. Kwa mtu mzima ni namba ileile. Kwa mtoto anayeanza, *mbili* na *wawili* ni sauti mbili zenye undugu wa mbali. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, lakini moja hadi tano na nane hubadilika, na hizo ndogo ndizo anazoanza nazo. Dawa yake ni nyepesi: kila mkimaliza kuhesabu, ifunge kwa jina la kitu. "Moja, mbili, tatu. Vijiti vitatu."

Angalia pia kidole chake kinavyokwenda. Karibu kila neno letu la namba lina silabi mbili au zaidi, na wapo watoto wanaogusa kitu kipya kwa kila silabi: *mo* hapa, *ja* pale. Ukiimba kwa kasi kosa hilo linazidi. Mwache achukue kitu, akihamishe upande wa pili, ndipo atamke neno.

Basi wimbo uimbwe wakati wa kutembea, kuoga, kusubiri, popote. Ila usiuhesabu kuwa ndio somo lenyewe.

Kuhesabu kisha kutaja, au kutaja kisha kuhesabu?

Watu wengi hawajui kwamba hapa pana uchaguzi, na kwangu ndio wenye faida kubwa kuliko wote, maana haudai zana yoyote.

Desturi ya wengi ni hii: mtoto anahesabu, moja, mbili, tatu, nne, kisha mtu mzima anauliza "kwa hiyo viko vingapi?" Mtoto anaanza tena: moja, mbili, tatu, nne. Unauliza tena, anaanza tena, na wote wawili mnachoka. Kwake, "vingapi?" ni amri ya kutamka mfuatano. Hajaona kwamba swali lina jibu la neno moja.

Njia ya pili inageuza mpangilio. Unaonyesha kundi zima kwa kuzungusha mkono juu yake na kutaja idadi kwanza: "Tazama, vifungo vinne." Papo hapo unavihesabu kimoja kimoja, "moja, mbili, tatu, nne", na unanyamaza kidogo baada ya nne. Mtoto amesikia jina la kiasi, anakiona kiasi chenyewe, halafu anasikia mfuatano ukisimama kwenye jina lilelile. Kelly Mix na wenzake walilinganisha njia hizi mwaka 2012 kwa watoto wadogo: kutaja idadi peke yake, kuhesabu peke yake, kufanya vyote lakini nyakati tofauti, na kutaja kisha kuhesabu papo hapo. Walioendelea katika kuelewa neno la mwisho ni wale wa kundi la kutaja na kuhesabu kwa pamoja. Ule ukaribu wa matendo mawili ndio uliofanya kazi.

Inafaa zaidi kwa idadi ndogo, na sababu yake inajulikana tangu zamani. Mwaka 1871 William Stanley Jevons, mchumi wa Uingereza, alijipima kwa kurusha maharage ndani ya kisanduku na kukisia kwa kutupia jicho mara moja. Yalipokuwa matatu au manne hakukosea hata mara moja; yalipofika matano makosa yakaanza. Jicho la binadamu linameza vitu hadi vitatu au vinne bila kuhesabu, na juu ya hapo linahitaji msaada. Mtoto mchanga kiumri ana kipaji hicho pia, ingawa mpaka wake uko chini zaidi. Ukitaja "vitatu" anaweza kuona utatu wenyewe. Ukitaja "saba" anaona vingi.

Kwa hiyo mtoto wa aina ya kwanza, asiyefika vitatu, hana haja ya kuhesabu hadi kumi na vitu kumi. Anahitaji viwili na vitatu, mara nyingi, vikitajwa na kuhesabiwa: viatu viwili, vidato vitatu vya ngazi, vifungo vitatu vya shati. Mtaje kiasi hata pale ambapo hakuna somo. Na umwonyeshe pia kisicho vitatu. "Hivi ni vitatu. Hivi si vitatu, ni viwili." Tofauti hufundisha kiasi kuliko mifano mia inayofanana.

Vihesabio vipi?

Vya kushika au vya kwenye picha? Kwa anayeanza, vya kushika, na sababu si kwamba mikono ni mizuri kuliko macho. Kitu cha kushika huhamishika. Mtoto anaweza kutenga alivyokwisha kuhesabu na ambavyo bado, na hilo pekee linafuta nusu ya makosa ya kurudia na kuruka. Pia unaweza kuvitawanya. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba ukipanga safu mbili zenye idadi sawa kisha ukaitanua moja, watoto wengi walio chini ya miaka sita au saba husema iliyotanuka ndiyo yenye vingi. Picha ya kitabuni haitanuki. Vihesabio vinatanuka, vinakusanyika, vinapangwa duara, na kila mara mnahesabu tena na kukuta ni vitano vilevile.

Vya kawaida au vya kupendeza? Hapa duka la vitu vya watoto litakushauri vibaya. Lori Petersen na Nicole McNeil waliripoti mwaka 2013 kwamba watoto wa shule ya awali walihesabu vibaya zaidi walipopewa vitu vyenye mvuto ambavyo tayari wanavijua kwa kazi nyingine. Si vigumu kuona kwa nini: sanamu ndogo ya simba inataka kuunguruma, haitaki kuwa "nne". Vizibo vya aina moja, vijiti vilivyokatwa sawa, kokoto, vifungo visivyo na urembo, hivyo ndivyo vihesabio. Urembo uwe kwenye mchezo, si kwenye kitu kinachohesabiwa.

Tahadhari moja isiyo ya hesabu: mtoto anayeweka vitu mdomoni apewe vikubwa visivyoingia kooni, na usimwache navyo peke yake.

Vidole

Kuna walimu wanaokataza vidole na wazazi wanaovionea aibu, kana kwamba ni mkongojo wa mgonjwa. Kwa umri huu wamekosea. Catherine Thevenot wa Chuo Kikuu cha Lausanne na wenzake wameonyesha kwamba katika umri wa chekechea wanaotumia vidole hujumlisha vizuri kuliko wasiovitumia, na kwamba wasiovitumia wakifundishwa hupanda. Baadaye, karibu na miaka saba au nane, mambo hugeuka, wanaofanya vizuri huwa wameshaviacha. Havikatazwi, huachwa vyenyewe.

Vidole vina sifa ambayo kokoto hazina: vimegawanyika tano na tano. Mtoto anayeonyesha saba kwa mkono mmoja mzima na viwili vya mkono wa pili anaiona saba kama tano na mbili, bila kuhesabu. Kasoro yake ni kwamba mtoto anaweza kukariri umbo la mkono kama alama tu. Ukimwona anatoa saba kwa vidole vilevile kila siku, mwombe saba ya namna nyingine, kwa mfano vinne na vitatu. Akigoma, bado ni alama.

Vidole vinamfaa hasa mtoto wa aina ya pili, aliyekwama kwenye nne, kwa sababu tano anayo tayari mkononi na inaonekana nzima.

Mchezo wa njia ya namba

Chora vyumba kumi mfululizo kwenye kadibodi, kutoka kushoto kwenda kulia, uandike 1 hadi 10. Kila mchezaji awe na kete. Badala ya dadu la pande sita tumia kitu kinachotoa moja au mbili tu. Unaweza kuandika 1 upande mmoja wa kizibo na 2 upande wa pili. Ndivyo ulivyo mchezo ambao Geetha Ramani na Robert Siegler waliupima Marekani na kuripoti mwaka 2008. Watoto wa shule ya awali kutoka familia za kipato cha chini walicheza vipindi vinne vya takriban robo saa ndani ya wiki mbili. Walipiga hatua katika kuhesabu, kutambua tarakimu, kulinganisha ipi kubwa na kukisia namba inakaa wapi kwenye mstari, na wiki tisa baadaye hatua hizo zilikuwa bado zipo. Wenzao waliocheza mchezo uleule wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo.

Kwa nini mchezo huu ufanye kazi kuliko wimbo, wakati kote kuwili namba zinazotamkwa ni zilezile? Kwa sababu njiani namba kubwa ina gharama. Kufika 8 kumechukua muda mrefu kuliko kufika 3, kete imekwenda mbali zaidi, mkono umesogea mara nyingi zaidi, mdomo umetamka maneno mengi zaidi. Ukubwa unaingia kwa milango minne mara moja. Na umbo lina maana: watafiti haohao walijaribu njia ya duara, na mstari ulionyooka ndio uliosaidia zaidi. Kwa hiyo zile mbao zenye njia inayojikunja kama nyoka, nzuri kwa burudani, si chaguo la kwanza kwa somo hili.

Kanuni moja isilegezwe. Kete ikiwa kwenye 5 na mtoto amepata 2, aseme "sita, saba" huku akisogeza. Asiseme "moja, mbili". Akisema moja, mbili anahesabu miruko tu na namba za vyumbani zinakuwa mapambo. Akisema sita, saba anaanza kuhesabu kutokea alipo, na hiyo ndiyo mbegu ya kujumlisha. Watoto hulipinga jambo hili mwanzoni. Msaidie kwa kumtaka ataje alipo kabla ya kusogea: "Uko wapi? Tano. Haya, tano… sita, saba."

Mtoto asiyefika vitatu hatafaidika sana. Atasogeza kete anavyopenda na kufurahi, na hakuna ubaya. Wa aina ya pili na ya tatu ndio wenyewe. Ningelazimika kumpa mwalimu wa darasa la awali zana moja tu, ningempa hii.

Fimbo na abakasi

Kokoto saba ni vitu saba. Fimbo ya saba ni kitu kimoja ambacho ni saba, na mtoto anapovuka kwenda kujumlisha tofauti hiyo inaanza kuwa na maana. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, alitumia fimbo kumi, ya kwanza ya sentimita 10 na ya mwisho ya mita 1, kila moja ikiwa na vipande vya rangi nyekundu na buluu vinavyopishana. Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji, alitoa zake mwaka 1952: ndogo, za sentimita 1 hadi 10, kila urefu na rangi yake, bila alama yoyote ya kugawa.

Alama hizo ndizo za kukuamulia. Fimbo za Montessori zinahesabika, kwa hiyo anayehesabu kimoja kimoja anaweza kuzitumia. Za Cuisenaire hazihesabiki, na mtoto asiyejua idadi anaishia kujifunza kwamba njano ni "tano" kwa kuambiwa. Zinang'aa kwa mtoto wa aina ya tatu anayetafuta jozi za kumi: njano mbili (5 na 5), buluu na nyeupe (9 na 1), kahawia na nyekundu (8 na 2). Vipande vya kadibodi vilivyokatwa kwa kipimo vinafanya kazi ileile.

Kuhusu abakasi, yaani fremu yenye mistari ya shanga za kuhesabia, tazama rangi za shanga. Mstari wa shanga kumi za rangi moja unamlazimisha mtoto kuanza moja kila mara. Shanga tano za rangi moja na tano za nyingine zinamwachia jicho lifanye kazi yake. Kama unayo ya aina ya kwanza, paka rangi shanga tano za kila mstari.

Simu na karatasi za kazi

Programu za kuhesabu ziko nyingi na nyingi ni wimbo uliopakwa rangi. Kipimo changu ni kimoja: je, mtoto anaweza kukosea na kuona kwa macho kwamba amekosea? Ikiwa anagusa tu na kila mguso unapigiwa vigelegele, hajifunzi idadi. Ikiwa lazima asogeze vitu vinne, si vitatu wala vitano, inaweza kukaa upande wa vihesabio, kama nyongeza.

Karatasi za kufuatisha tarakimu kwa penseli zinafundisha kuandika, na kuandika ni stadi yake. Mtoto anaweza kuchora 5 safi asijue tano ni ngapi, na mwenzake akajua tano vizuri huku mkono wake ukigeuza 5 nyuma mbele. Usiwapange kwa karatasi hizo. Tarakimu ziingie mapema kwa njia nyingine, kama lebo: kopo lenye 3 juu yake liingie vijiti vitatu, lenye 4 vinne. Na liwepo kopo la 0, ambalo haliwekwi kitu. Montessori alikuwa na chumba cha sifuri kwenye kisanduku chake cha vijiti, na watoto hupenda kuuliza kwa nini kile kinaachwa kitupu.